Mafuta ya Ndege Hayarushi Pikipiki

Wiki hii nina barua kutoka Kilwa Masoko. Aliyeiandika ni kijana dereva wa bodaboda, naye ameomba nisilitaje jina lake, kwa sababu mtakazozielewa mkiisikia habari yenyewe.

Kijana huyu anaendesha pikipiki ya mkataba. Kwa wasiofahamu, mkataba maana yake ni kwamba tajiri ananunua pikipiki, dereva anampelekea hesabu kila siku au kila wiki, na fedha waliyokubaliana ikitimia, pikipiki inakuwa mali ya dereva. Mwandishi wetu amebakiza miezi minne tu. Sasa injini imeanza kugonga. Akipakia mzigo na kupanda kilima cha Singino, anasikia sauti kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo.

Fundi wake alimwambia kuwa petroli ya sheli siku hizi ni nyepesi, haina oktani, kwa hiyo atafute petroli kali. Akaelekezwa kwa jamaa mmoja anayeuza kwa chupa kitu anachokiita mafuta ya ndege. Chupa moja ni ghali kuliko bei ya sheli, lakini hoja ya muuzaji ni moja, na ni tamu kuisikia: kama mafuta haya yanarusha ndege angani, yatashindwaje na pikipiki? Kijana amechanganya kwa majuma matatu. Kugonga hakukwisha, kumezidi. Swali lake kwangu ni hili: je, niongeze kipimo?

Ndugu yangu wa Kilwa Masoko, jibu langu nalitoa mwanzo kabisa, ili hata ukizima redio sasa uwe umelipata. Usiongeze. Acha leo hii. Ukiendelea, hiyo miezi minne huimalizi na injini hiyo. Walio na muda wabaki nami, niwaeleze kwa nini, maana jambo hili haliwahusu madereva wa bodaboda peke yao. Linamhusu kila anayetia petroli kwenye chombo chake, awe na gari dogo, Noah ya abiria au boti ya kuvulia.

Tuanze na neno lenyewe, oktani. Watu wengi wanadhani oktani ni nguvu ya petroli, kama vile chai inavyoweza kuwa ya rangi tupu au nzito. La hasha! Lita moja ya petroli ya oktani 91 na lita moja ya oktani 95 zina joto linalokaribiana sana ndani yake. Oktani inapima jambo jingine. Inapima uvumilivu. Inatuambia petroli inaweza kubanwa kiasi gani bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, halafu sukuma mara kadhaa kwa nguvu. Utaona pampu inapata joto. Hewa ikibanwa, inachemka. Ndani ya injini ya petroli mambo ni hayo hayo, ila makali zaidi. Pistoni inapanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli mpaka ubaki katika nafasi ndogo sana. Katika pikipiki nyingi za biashara nafasi hiyo ni kama sehemu moja kati ya tisa ya ile ya mwanzo. Hapo ndipo plagi inapotoa cheche. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu hadi kwenye kuta za silinda, ukiisukuma pistoni chini kwa msukumo laini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Lakini moto ule unaposambaa, unaubana zaidi mchanganyiko ambao haujaungua bado, ule uliojificha pembeni mwa silinda. Petroli ikiwa haina uvumilivu, mchanganyiko huo wa pembeni haungoji moto uufikie. Unalipuka wenyewe, wote kwa mara moja. Mawimbi ya mlipuko yanagonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni kama nyundo ndogo, na sauti ya nyundo hizo ndiyo zile kokoto za kwenye kopo. Mlipuko mmoja hauna neno. Lakini injini inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kila pigo linakwangua tabaka jembamba la gesi linaloikinga pistoni na joto, na pistoni, ambayo ni aluminiamu, inaanza kuliwa pembeni kidogo kidogo kama ubao ulioingiwa na mchwa.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili, maana mafundi wetu wanaviita kwa jina moja. Mtanzania akisema injini imenoki, kwa kawaida ana maana imekufa: beringi za krenki shafti zimeisha, chuma kinapiga chuma, injini ishushwe. Hiyo ni noki ya beringi. Sauti yake ni nzito, inafuata mzunguko wa injini, na mara nyingi chanzo chake ni oili iliyopungua au iliyochakaa. Ninayoizungumzia leo ni noki ya mwako. Sauti yake ni nyepesi na kali, inakuja injini inapobeba mzigo, kwenye mwinuko, jua likiwa kali, gia ikiwa kubwa na mwendo mdogo. Ukiachia mafuta, inanyamaza papo hapo. Noki ya beringi haitibiki kwa petroli ya aina yoyote. Ya mwako inatibika, ukiiwahi.

Nayajua haya kwa kuwa yalinigharimu. Mwaka 2010 nilikuwa nikisafiri kwa gari langu dogo la mtumba kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi kikazi. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa tangu 2003, zile adha za kivuko cha Ndundu tulishazisahau, nami nikajiona mjanja, nikaondoka na tenki nusu. Mbele ya safari sheli niliyoitegemea ilikuwa imeishiwa. Nikanunua lita kumi kwenye madumu kando ya barabara, kwa mtu ambaye simjui na sitamjua. Sikunusa, sikuuliza, nilikuwa nawahi.

Kabla ya kufika Nangurukuru gari likaanza kugonga kwenye kila mwinuko. Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika moja, akasema, "Bosi, imenoki hii, tafuta injini." Nikajikongoja hadi Lindi. Huko nilimkuta fundi mmoja mtu mzima, amekaa chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umelitia nini gari lako?"

Nikasema petroli. Akacheka. Akafungua tenki, akachovya kijiti, akadondosha matone mawili kwenye kipande cha gazeti, tukasubiri. Petroli safi hukauka na kupotea. Ile iliacha doa la mafuta katikati ya karatasi, linang'aa. "Umenunua koroboi," akaniambia. Yaani mafuta ya taa. Akamwaga yote, akasafisha kabureta, akarudisha nyuma taimingi kidogo, akaniasa nisiikanyage sana mpaka nitie petroli nzuri mara mbili na fundi wa Dar aifungue injini kuitazama.

Nilitia petroli nzuri. Ushauri wa kuifungua niliuona gharama ya bure, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Baada ya wiki chache pistoni moja ilipasuka. Fundi alipoitoa, ukingo wake ulikuwa umetafunwa kama kipande cha muhogo kilichoguguna panya. Nikanunua injini ya mtumba. Tangu siku hiyo naheshimu wazee wa chini ya mwembe, na nilianza kusoma.

Nilichokisoma kilinishangaza, maana kisa cha oktani kilianzia hapo hapo pa mafuta ya taa. Mwaka 1916 huko Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, mhandisi Charles Kettering alikuwa akiuza mashine ndogo za kuzalisha umeme mashambani. Mashine hizo zilitumia mafuta ya taa, na ziligonga vibaya. Akampa kazi kijana mmoja, Thomas Midgley, atafute sababu. Midgley alidhani pengine mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatapokea joto vizuri zaidi. Hakupata rangi, akatia ayodini iliyokuwa karibu. Kugonga kukapungua! Alipojaribu rangi nyingine, hakuna kilichobadilika. Haikuwa rangi, ilikuwa ayodini yenyewe. Hivyo ikajulikana kwamba tatizo liko kwenye kemia ya mafuta, na kwamba kitu kidogo kikiongezwa kinaweza kulituliza.

Midgley na wenzake walijaribu vitu vingi kwa miaka mitano, na Desemba 1921 wakakipata walichokitaka: mchanganyiko wa madini ya risasi. Kiasi kidogo sana kilitosha kuifanya petroli ivumilie. Kuanzia 1923 petroli yenye risasi ikauzwa, ikaenea dunia nzima. Lakini risasi ni sumu. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey kilichotengeneza dawa hiyo walikufa baada ya kupagawa akili. Midgley mwenyewe aliwahi kuugua. Hata hivyo biashara iliendelea kwa miongo mingi, na moshi wa magari ukawa unanyunyiza risasi mijini, hasa kwa watoto, ambao ubongo wao unaokua unaathirika kwa kiasi kidogo tu.

Katikati ya miaka hiyo ya 1920 ndipo ilipotengenezwa na namba tunayoitumia mpaka leo. Mkemia Graham Edgar alichukua vimiminika viwili. Kimoja, iso-oktani, ni kivumilivu mno, akakipa 100. Kingine, heptani, hakivumilii hata kidogo, akakipa sifuri. Petroli ikiitwa 95 maana yake ni kwamba kwenye injini maalumu ya majaribio inagonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za iso-oktani na 5 za heptani. Basi. Hakuna habari ya nguvu hapo.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Juni 2001, kuiondoa petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imekwisha kuondolewa katika eneo lote hili. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, ikaacha mwaka 2021. Tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya sabini na kukua mijini tuliivuta risasi ile tangu utotoni. Wanetu hawaivuti kutoka kwenye magari. Siku hizi oktani inapatikana kwa kuisafisha petroli kwa namna bora zaidi kiwandani na kwa viungo vingine.

Sasa turudi pwani yetu. Je, injini zinahitaji oktani kiasi gani hapa Kilwa na Lindi? Tuko usawa wa bahari na jua letu mnalijua. Hewa ya hapa ni nzito, silinda inajaa hewa nyingi, na hewa hiyo inaingia ikiwa ya moto tayari. Panda Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano na baridi iko nje. Injini ya huko inabana hewa kidogo na ya ubaridi. Ndiyo maana gari lililokuja kutoka nyanda za juu likiwa kimya, linaweza kuanza kulalamika likifika Kilwa Kivinje mchana wa Desemba, ingawa mafuta ni yale yale. Dereva atamlaumu mwenye sheli, kumbe hewa tu imebadilika.

Hata hivyo, magari mengi tunayoendesha ni mitumba ya Kijapani, na Japani petroli yao ya kawaida huanzia oktani 89. Magari hayo yametengenezwa kwa petroli ya kawaida. Machache, yale ya kifahari au yenye taabo, yanataka petroli yao ya daraja la juu, ambayo ni 96 na zaidi. Utajuaje? Fungua kifuniko cha tenki, tazama kibandiko cha ndani. Maandishi yake huwa ya Kijapani, na wengi wetu tunayapita kama urembo. Kabla hujanunua gari la namna hiyo, mtafute mtu akusomee, maana katika vituo vingi vya ukanda huu utakuta pampu ya petroli na pampu ya dizeli, basi.

Jamaa zetu walioko Muscat wao huulizwa pampuni: 91 au 95? Wapo wanaojaza 95, hata 98, kwenye gari lililotengenezwa kwa 91, wakiamini wanalienzi. Wanatupa fedha. Injini isiyohitaji uvumilivu huo haina mahali pa kuutumia. Na kama una ndugu Marekani anayekwambia kule wanatia 87, usishangae wala usimcheke. Wao wanahesabu kwa njia nyingine, na 87 yao inakaribia 91 au 92 ya kwetu.

Ushahidi mkubwa kwamba oktani si nguvu uko hapa hapa wilayani Kilwa. Mnaujua kisiwa cha Songo Songo. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba, inapita chini ya bahari hadi Somanga, halafu inakwenda Ubungo kuzalisha umeme. Sehemu ya gesi hiyo hushindiliwa kwenye mitungi ya magari na bajaji jijini Dar es Salaam. Gesi ile karibu yote ni methani, na oktani ya methani hupita 120. Hakuna petroli ya sheli inayoifikia. Kama oktani ingekuwa nguvu, gari la gesi lingepaa! Lakini muulize dereva yeyote aliyefunga mtungi kwenye gari lililokuwa la petroli. Atakwambia gari limekuwa zito kidogo mlimani, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda. Anachokipata ni unafuu wa bei na injini isiyogonga. Oktani zaidi ya 120, nguvu pungufu. Hapo hoja ya muuzaji wa chupa imekwisha.

Na hayo mafuta yake ya ndege ni nini hasa? Ndege kubwa, na hata nyingi ndogo zinazotua viwanja vyetu vya pwani, zinatumia injini za mfano wa feni ambazo mwako wake hauzimiki, unaendelea kama jiko. Hazina cheche ya kusubiriwa kwa kila pigo. Mafuta yake, ndugu zangu, ni mafuta ya taa yaliyosafishwa zaidi. Ndiyo hayo. Uvumilivu wake wa kubanwa haufiki nusu ya ule wa petroli. Ipo pia petroli maalumu ya ndege ndogo za pistoni, yenye oktani 100, ila hiyo bado ina risasi, na haiuzwi kwa chupa ya maji uchochoroni. Kwa hiyo kijana wetu amekuwa akilipa fedha ya ziada kununua kitu kile kile nilichouziwa mimi kwenye madumu, tofauti ni kwamba mimi nilidanganywa kimyakimya, yeye amedanganywa kwa hadithi nzuri.

Hapa tumefika kwenye kuchakachua, na siwezi kupita bila kusema neno. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kwa sababu ndiyo mwanga wa maskini. Tofauti hiyo ya bei ikawa kishawishi kwa wafanyabiashara waovu kuyachanganya kwenye petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutumia vinasaba, yaani kiungo kinachotiwa kwa kipimo maalumu katika mafuta halali ya soko la ndani. Mkaguzi akipima kituoni na kukuta kipimo kimepungua, anajua mafuta yamezimuliwa. Kisha katika bajeti ya 2011/12 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka Sh 52 hadi zaidi ya Sh 400 kwa lita, ili kusiwe na faida ya kuchanganya.

Hatua ile ilisaidia. Wenye magari tulishangilia, nami nikiwamo, na pistoni yangu iliyotafunwa ikiwa bado juu ya kabati. Lakini hebu tujiulize ni nani aliyelipa. Alilipa mama wa Kivinje aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa ndogo ili mwanawe asome kwa koroboi. Hakuchakachua kitu. Hakuwa na gari. Kosa la mwenye sheli mdanganyifu liliingia kwenye taa yake. Kwa hiyo anayechanganya mafuta haibi kwa mteja mmoja tu. Anaiba kwa mwenye injini leo, na kesho anailazimisha nchi kuweka sheria inayomuumiza asiyehusika. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza.

Na madumu bado yapo. Kijijini ambako sheli iko mbali, kijana wa bodaboda hana njia nyingine. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara huku Kilwa na malori kukwama pande zote mbili, hata wa mjini alilionja tatizo hilo. Simlaumu anayenunua kwenye dumu kwa shida. Nasema ajue anachokinunua.

Sasa, kijana wangu wa Kilwa Masoko, fanya hivi. Kwanza, mwaga yaliyomo tenkini, na kabureta isafishwe. Tia petroli ya pampu, kwenye kituo chenye risiti, na risiti uitunze. Pikipiki yako haihitaji zaidi ya petroli ya kawaida.

Pili, kumbuka kwamba injini ilianza kugonga kabla ya chupa. Maana yake kulikuwa na ugonjwa tangu hapo. Mwambie fundi akague masizi juu ya pistoni, kwa sababu masizi yanapunguza nafasi na yanashika moto. Aangalie kama plagi ni ya namba inayotakiwa, kama kabureta haitoi mafuta kidogo mno, kama oili ipo na ni nzuri, na kama mapezi ya kupoza silinda hayajazibwa na tope. Tatu, kwenye mwinuko shusha gia mapema. Kuikanyaga ikiwa kwenye gia kubwa si kubana matumizi, ni kuivunja. Wenye magari mapya kidogo, gari lenu lina sikio lake, sensa inayosikia kugonga na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche. Hamtasikia kokoto. Mtaona gari limelegea na linakunywa mafuta. Pikipiki ya kabureta haina sikio hilo. Sikio lake ni wewe.

Nne, kama ni lazima ununue kwenye dumu, dondosha matone kwenye karatasi, mbali na moto na sigara, usubiri yakauke. Si kipimo cha maabara, lakini doa la mafuta linalobaki ni onyo. Na ukiwa na shaka na kituo, chukua sampuli kwenye chombo safi pamoja na risiti, upeleke taarifa EWURA. Kulalamika kijiweni hakujawahi kufunga kituo hata kimoja.

Na kwa wale wa dizeli, msiyachukue haya mkayapeleka kwenye malori. Dizeli ni kinyume chake. Yenyewe inatakiwa ilipuke kwa kubanwa, bila cheche, kwa hiyo petroli yenye uvumilivu ikiingia kwenye injini ya dizeli ni balaa. Tutalizungumza siku nyingine.

Tajiri wa pikipiki hii, kama unanisikiliza hapo Kilwa, nawe nina neno kwako. Kijana ameogopa kutaja jina kwa sababu ameogopa utaivunja ile karatasi ya mkataba. Hakuiharibu pikipiki kwa uzembe. Alitaka kuiponya, akalipa kwa fedha yake, akadanganywa. Mpe siku mbili za gereji bila hesabu. Zitakugharimu kidogo kuliko pistoni, na yeye zitamwokolea kazi ya mwaka mzima.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.